Tupeane uzoefu: oksijeni kumfikia mgonjwa mahali penye uhaba

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa uzoefu wa wale ambao wamewahi kushughulika na oksijeni ya hospitali, iwe kwa kuitoa wodini, kutengeneza mashine zake, kusafirisha mitungi au kumuuguza mtu aliyeihitaji. Shirika la Afya Duniani liliiweka oksijeni katika orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 1979 kwa ajili ya wagonjwa wanaopewa dawa ya usingizi, na mwaka 2017 likaiorodhesha pia kuwa tiba ya upungufu wa oksijeni mwilini. Hata hivyo, tume ya jarida la Lancet Global Health ilikadiria mwaka 2025 kuwa takriban watu bilioni 5 duniani hawana uhakika wa kuipata ikiwa salama, bora na kwa gharama wanayoimudu. Tusiishie kusema kwamba haikuwapo, bali tueleze ilikwamia wapi, maana mara nyingi mashine ipo na mgonjwa yupo, lakini kati yao kuna kitu kidogo kilichokosekana.

Muuguzi, wodi ya watoto

Kwetu kilichokosekana kwa muda mrefu kilikuwa kipimo. Tulikuwa tukiamua kwa macho nani apewe oksijeni, kwa kuangalia kifua kinavyobonyea, pua zinavyotanuka na midomo inavyobadilika rangi, ilhali rangi hiyo ya bluu ni vigumu kuiona kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, na akiwa na upungufu mkubwa wa damu huenda isionekane kabisa. Tulipopata kipima oksijeni cha kidoleni, kinachosoma kiwango cha oksijeni katika damu, tuligundua watoto waliokaa kimya mapajani mwa mama zao wakisoma chini ya asilimia 90, ambacho ndicho kiwango tunachoanzia kutoa oksijeni, na wengine waliokuwa na mirija puani siku nzima bila kuihitaji tena. Oksijeni ileile ikaanza kutosha watoto wengi zaidi. Huko Papua New Guinea, hospitali tano zilipopewa vipima hivyo pamoja na mashine za oksijeni na mafunzo, vifo miongoni mwa watoto waliolazwa kwa nimonia vilipungua kwa takriban asilimia 35. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008.

Ila kipima nacho kina hila zake: vidole vya baridi na rangi ya kucha hukipotosha, na kwa wenye ngozi nyeusi wakati mwingine husoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo mgonjwa anayehema kwa taabu msimwache kwa sababu tu namba inapendeza. Kwa watoto njiti tahadhari ni kubwa zaidi, kwa kuwa oksijeni ikizidi inaweza kuwaharibu macho. Sisi tunalenga kati ya 90 na 95.

Fundi wa vifaa tiba

Nimeingia katika stoo nyingi zilizojaa mashine za kuzalisha oksijeni zilizoandikwa kuwa mbovu, na nyingi hazikuwa na ugonjwa mkubwa. Mashine hizi huvuta hewa ya kawaida, yenye oksijeni ya asilimia 21 hivi, na kuipitisha kwa mgandamizo katika chembechembe za zeolaiti zinazonasa naitrojeni, hivyo kinachotoka huwa oksijeni ya asilimia 90 na zaidi. Vumbi likiziba chujio, mashine hupata joto na pampu huchoka. Unyevu ukiingia, zeolaiti hupoteza nguvu. Umeme ukipanda na kushuka bila stabilaiza, bodi huungua. Chujio la nje huoshwa kwa maji na sabuni kila wiki, kazi isiyohitaji fundi, lakini kama haikukabidhiwa mtu maalumu, hakuna atakayeifanya.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba mashine iliyochoka haisimami. Itaendelea kunguruma na mapovu yataonekana kwenye chupa ya maji, kumbe kinachomfikia mgonjwa kinakaribia kuwa hewa ya kawaida. Ndiyo maana nasisitiza kipima ubora wa oksijeni kiwepo kila kituo: mashine ikisoma chini ya asilimia 82 iondolewe wodini siku hiyohiyo. Wafadhili nao, kwa heshima zote, wanapoleta mashine bila spea wala mafunzo huwa wametuletea mzigo wa stoo.

Mtunza stoo na msafirishaji wa mitungi

Mimi hesabu yangu ni ya saa. Mtungi mkubwa wa lita 6,800, mgonjwa akitumia lita 5 kwa dakika, unaisha kwa takriban saa 22 na dakika 40. Mtoto mchanga anayetumia lita moja anaweza kukaa nao zaidi ya siku nne. Barabara ikikatika wakati wa mvua, hesabu hiyo ndiyo inayoamua nani apewe rufaa mapema. Tumewahi pia kupokea mitungi iliyojaa ambayo vichwa vyake havikuoana na regyuleta zetu, yaani vifaa vya kupunguza mgandamizo wa oksijeni inayotoka mtungini, ikakaa bila faida hadi kifaa sahihi kilipopatikana. Na tafadhali, mtu asipake mafuta wala grisi kwenye valvu iliyokaza, kwa kuwa mafuta yakikutana na oksijeni ya mgandamizo yanaweza kuwaka.

Mtu aliyemuuguza mama yake

Mimi si mtaalamu. Mama alipowekewa mirija, ndugu walianza kulia, kwa sababu tuliokuwa tumewaona wakiwekewa oksijeni wengi hawakurudi nyumbani. Mama mwenyewe alikuwa akiitoa usiku. Muuguzi alikaa nasi akatuonyesha namba kidoleni kabla na baada ya mirija, akaeleza kwamba wale wengine walicheleweshwa, na kuanzia hapo tulipokezana kuhakikisha haitoki, hata wakati wa kula. Swali langu kwa fundi: umeme ukikatika usiku, ndugu wa mgonjwa afanye nini?

Fundi wa vifaa tiba

Ndugu, aite muuguzi mara moja wala asiguse chochote. Kila mashine inayomhudumia mgonjwa inapaswa kuwa na mtungi wa akiba karibu nayo, umefungwa mnyororo ukutani, ukiwa tayari na regyuleta na mirija yake, na geji yake isomwe na kuandikwa kila zamu zinapopokezana.