Mjadala: Mwanamieleka bora wa wakati wote hapimwi kwa idadi ya mikanda

Mleta mada:

Wakuu, ubishi wa nani mwanamieleka bora wa wakati wote hauchukui muda kabla mtu hajatoa hesabu ya mikanda ya ubingwa. John Cena ana 17, Ric Flair ana 16, mada imefungwa. Mwingine anakuja na siku: Bruno Sammartino alikaa na mkanda siku 2,803, kuanzia Mei 1963 hadi Januari 1971, Roman Reigns siku 1,316, kwa hiyo Bruno juu. Hesabu hizo zingekuwa na uzito kwenye ndondi au riadha. Kwenye mieleka ya kulipwa mshindi anajulikana kabla kengele haijagongwa, na mkanda mtu anapewa na ofisi ya kampuni. Ukinihesabia mikanda unanihesabia ni mara ngapi bosi aliamini kwamba huyo mtu atauza tiketi. Ni sifa, ila si sifa tunayoigombania hapa.

Basi kama matokeo yamepangwa, mwanamieleka anamiliki nini? Anamiliki kilichopo kati ya kengele ya kwanza na ya mwisho. Na mimi nakipima kwa swali moja tu: mpinzani wake alitoka ulingoni akiwa mkubwa kuliko alivyoingia, au la?

Ndiyo maana namba moja wangu ni Ric Flair, na wala sijali hiyo 16. Kazi ya bingwa wa NWA, muungano wa kampuni za mieleka za miji mbalimbali, kwa zama zake ilikuwa kuzunguka, leo mji huu kesho mji ule, kila anakofika anapigana na kipenzi cha watu wa hapo, na kazi yake halisi ni kuwafanya wale watu waondoke wakiapa kwamba kijana wao alikuwa amebakiza sekunde mbili kuuchukua mkanda. Fikirieni ugumu wake: unabaki bingwa, lakini aliyepanda ni mwenzako. Mfano wake safi zaidi ni Machi 27, 1988, kule Greensboro, North Carolina. Sting alikuwa kijana mwenye mwili na rangi usoni, ana kelele nyingi, na hakuna aliyekuwa na uhakika kama anaweza kupigana zaidi ya dakika kumi. Flair akamvuta dakika 45 nzima, sare. Hakuna aliyeshinda, lakini kuanzia usiku ule Sting akawa jina kubwa.

Pambano bora la wakati wote kwangu ni Bret Hart na Steve Austin, WrestleMania 13 (onyesho kubwa la mwaka la WWF), Machi 23, 1997. Halikuwa hata pambano la mwisho usiku ule. La mwisho lilikuwa la Undertaker na Sid, na leo wanaolikumbuka ni wachache. Masharti ya Hart na Austin yalikuwa kwamba hakuna kushinda kwa kumbana mwenzako mabega chini hadi hesabu ya tatu, anayeshindwa ni yule anayesalimu amri, na refa ni Ken Shamrock. Hart aliingia akiwa steringi, Austin adui. Wakapigana mpaka katikati ya watazamaji, wakarudi, viti vikatumika, Austin akamkaba Hart kwa waya. Mwishoni Hart akamfunga ile Sharpshooter yake, mbano wa kukunja miguu na mgongo, Austin uso mzima damu, anapiga kelele, anajaribu kujinyanyua, anakaribia kuchomoka, anarudishwa. Hakugonga mkono kusalimu amri. Alizimia, na Shamrock akasimamisha.

Kwenye kitabu cha matokeo imeandikwa Hart kashinda. Lakini Hart akaendelea kumpiga mtu aliyezimia, hadi Shamrock akamnyanyua na kumtupa chini, na ukumbi ukaanza kumzomea. Austin akainuka, akakataa msaada, akaondoka kwa miguu yake huku watu wakiimba jina lake. Steringi katoka adui, adui katoka steringi, ndani ya dakika 22, bila mtu kushika kipaza sauti na kutueleza tuhisi nini. Mwaka mmoja baadaye Austin ni bingwa, na Aprili 1998 WWF (ndiyo WWE ya leo) ikaipiku kampuni pinzani ya WCW kwenye runinga za Jumatatu usiku baada ya kushindwa wiki 83 mfululizo. Sisemi pambano moja ndilo lililoleta yote hayo. Nasema kama lisingekuwepo, huyo Austin wa 1998 nisingejua angetokea wapi.

Orodha yangu ya watu: Flair, Bret Hart, Mitsuharu Misawa, Mick Foley, Shawn Michaels. Ya mapambano: Hart na Austin 1997, Misawa na Toshiaki Kawada 1994 kule Japani, Randy Savage na Ricky Steamboat 1987. Nafasi ya nne na ya tano za mapambano nimeziacha wazi kwa makusudi. Leteni hoja.

Mchangiaji wa kwanza:

Mleta mada, Foley yumo, Undertaker hayumo? Umekunywa nini? Mtu kashinda WrestleMania mara 21 mfululizo, miaka zaidi ya ishirini kazini, kila aliyekutana naye anasema alikuwa fahari kufanya naye kazi, halafu unamweka nje kwa ajili ya mtu anayejulikana kwa kuanguka?

Mleta mada:

Kaka, ile 21 bila kupoteza ni mkanda kwa jina lingine. Imeandikwa ofisini. Na tazama ilivyotumika mwisho wake: Aprili 6, 2014, New Orleans, akapewa Brock Lesnar, mtu ambaye tayari alikuwa bingwa wa WWE na wa UFC (kule kwenye mapigano ya kweli), mtu ambaye hakuhitaji kitu chochote kutoka kwa mtu yeyote. Hazina ya miaka yote ile, na hakuna kijana hata mmoja aliyejengwa nayo.

Sasa Foley. Juni 28, 1998, Pittsburgh, alitupwa kutoka juu ya kizimba chenye urefu wa futi 16 akaangukia meza ya watangazaji. Watu wanakumbuka kuanguka tu. Hawaulizi nani alifaidika, na aliyefaidika ni huyo huyo Undertaker wako, ambaye tangu siku ile anaonekana mtu wa kutisha kweli kweli. Januari 2000, Madison Square Garden, Foley alimfanyia hivyo hivyo Triple H: kabla ya pambano lile wengi walimwona Triple H bingwa wa kubebwa, baada yake wakamwamini. Aprili 2004 akamfanyia Randy Orton, akiwa ameshastaafu kazi ya kila siku, akamwangusha kwenye misumari midogo ili kijana aonekane ana roho ngumu. Nionyesheni mwingine mwenye watatu wa ukubwa huo.

Mchangiaji wa pili:

Naomba kutofautiana kwenye kipimo chenyewe. Kwa mantiki yako, yule anayeletwa kila wiki kupigwa dakika mbili na kuondoka ndiye bora kuliko wote. Huyo kazi yake si kumkuza mwenzake tu?

Mleta mada:

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizoletwa hapa. Lakini yule wa dakika mbili hamkuzi mtu, kwa sababu hakuna mtazamaji aliyeamini hata sekunde moja kwamba angeshinda. Ukimpiga mtu ambaye kila mtu anampiga, umeongeza nini? Lazima kwanza uwe na kitu ndipo ukitoe. Flair alikuwa nacho. Bret Hart alikuwa nacho pale Wembley, Agosti 29, 1992, uwanja umejaa watu, alipompa mkanda shemeji yake Davey Boy Smith. Hart amesimulia mara nyingi kwamba mapema kabisa mwenzake aliishiwa pumzi na kusahau walichopanga, ikabidi amwongoze hatua kwa hatua hadi mwisho. Litazameni tena mkijua hilo. Mtu anamjenga mshindi wake huku akimnong'oneza cha kufanya, na uwanjani hakuna anayegundua.

Kwa hiyo kipimo kina pande mbili: uwe mkubwa, na ukubali kuugawa huo ukubwa. Wengi wana la kwanza tu.

Mchangiaji wa tatu:

Mnazungumza kama vile biashara haipo. Machi 29, 1987, Pontiac Silverdome, Hulk Hogan na Andre the Giant, watu 93,173. Hao hawakuja kumwona Savage na Steamboat. Mieleka ni biashara ya kujaza ukumbi, na Hogan aliujaza kuliko wote. Mengine ni ubishi wa wajuaji.

Mleta mada:

Hiyo 93,173 ni tangazo la kampuni na inapingwa mpaka leo. Dave Meltzer wa jarida la Wrestling Observer amekuwa akisema ni karibu 78,000. Hata hiyo ni umati, sibishi. Na Hogan ndiye mwanamieleka muhimu kuliko wote, hilo nakupa bila kinyongo. Muhimu na bora ni maswali mawili.

Lakini lipime pambano lenyewe. Mgongo wa Andre ulikuwa umeharibika, kutembea kwenyewe kazi. Tuliambiwa hajawahi kushindwa kwa miaka 15 na hajawahi kunyanyuliwa, wakati Hogan huyo huyo alishamnyanyua Shea Stadium mwaka 1980. Andre akakubali anyanyuliwe tena, atupwe, abanwe mabega hadi tatu, mbele ya dunia. Nani alifanya kazi kubwa hapo? Andre alibeba pambano kwa mwili usiobebeka na akamkabidhi mwenzake miaka kumi ya utajiri. Kwa kipimo changu ule ni usiku wa Andre.

Savage na Steamboat ni habari nyingine. Kila hatua Savage aliipanga na kuikariri kabla, na kuna wanaosema pambano linakosa pumzi kwa sababu hiyo. Mimi sioni. Ndani ya dakika kama 15 wamebanana na kuchomoka mara nyingi kiasi kwamba ukumbi umeacha kuhesabu.

Mchangiaji wa nne:

Umemweka Misawa kwa ajili ya kuonekana mjuzi, halafu Kazuchika Okada na Kenny Omega hawapo. Tokyo Dome, Januari 4, 2017, dakika 46, Meltzer mwenyewe uliyemtaja juu hapo akatoa nyota sita kwenye mfumo wa nyota tano. Juni 2018 Osaka akatoa saba. Utasemaje?

Mleta mada:

Nitasema kwamba ukishavunja dari ya nyota tano, namba zote zinazofuata ni hisia za mtu mmoja siku hiyo. Meltzer ana macho, ila nyota zake si mizani ya dukani. Okada na Omega ni mapambano ya ajabu. Mwili unauma kuyatazama. Tatizo langu ni kwamba yanajua sana kwamba ni makubwa. Kila dakika inakukumbusha kuwa unashuhudia historia.

Misawa na Kawada, Juni 3, 1994, ukumbi wa Budokan, Tokyo, halina majivuno hayo. Walisoma sekondari moja, Misawa mkubwa, Kawada mdogo wake kwenye timu ya mieleka. Miaka inapita, Kawada bado yuko nyuma ya mgongo wa yule yule kaka. Kila teke analorusha lina ule uchungu. Karibu dakika 36, na ili Kawada azimwe ilibidi Misawa atoe mrusho ambao karibu hakuwahi kuutumia, ule wa kumshusha mtu kwa shingo. Kawada alipoteza, na ndiyo siku aliyoonekana mkubwa kuliko siku zake zote hadi hapo. Mwaka uliofuata, Juni 9, 1995, akambana Misawa mabega kwa mara ya kwanza, tena kwenye pambano la watu wawili wawili. Mieleka inayosubiri namna hiyo siku hizi naiona kwa nadra.

Mchangiaji wa tano:

Chris Benoit mbona mnamkwepa? WrestleMania XX, 2004, na Michaels na Triple H. Kwa kipimo cha ulingoni huyo ni tano bora bila ubishi.

Mleta mada:

Juni 2007 alimuua mke wake na mtoto wao, kisha akajiua. Simpangi. Orodha ya namna hii ni heshima, na heshima natoa mimi. Anayetaka kulitazama lile pambano alitazame. Michaels alikuwemo, sifa zake mpeni yeye.

Mchangiaji wa sita:

Nimesoma mpaka hapa, hakuna aliyemtaja mwanamke hata mmoja. Mleta mada, umesema nafasi mbili ziko wazi. Aprili 2, 1993, Yokohama Arena, Akira Hokuto na Shinobu Kandori. Kampuni mbili tofauti, kila mmoja kabeba jina la kwake. Kandori katoka kwenye judo, mtu wa kuvunja viungo kweli. Hokuto mwili umejaa majeraha ya zamani. Damu, kukabana, mpaka mwisho wote wawili hawawezi kusimama, na Hokuto anashinda kwa hesabu ambayo yeye mwenyewe karibu hana nguvu ya kuimalizia. Lipime kwa kipimo chako.

Mleta mada:

Nafasi ya nne, imekwenda. Kandori aliingia akiwa mgeni wa kutisha kwa watu wa Hokuto, akatoka mtu ambaye hata wao walitaka arudi. Aliyeshindwa kapanda, aliyeshinda kapanda. Na nililipenda kuliko Bayley na Sasha Banks wa Brooklyn, Agosti 2015, ambalo najua kuna mtu alikuwa anajiandaa kulileta.

Imebaki ya tano, na kwangu inagombewa na mawili. Moja ni Undertaker na Michaels, Houston, Aprili 5, 2009 (mchangiaji wa kwanza, ona, simchukii mtu wako). Kila mtu alijua Undertaker hapotezi WrestleMania, na bado Michaels aliwafanya watu wainuke vitini wakiamini wamekosea. Jingine ni Flair na Steamboat, na kati ya yale matatu yao ya 1989 mimi nachukua la mwisho, Nashville, Mei 7. Wengi wanachukua la New Orleans kwa sababu ni refu na mshindi ni anayeshinda mara mbili kati ya tatu. La Nashville Flair alirudisha mkanda, Steamboat akampa mkono, halafu Terry Funk, aliyekuwa mmoja wa majaji, akapanda kumpongeza na kuomba pambano. Flair akamkatalia, na Funk akamtwanga kichwa juu ya meza. Steamboat hakupungukiwa kitu kwa kupoteza, Funk akawa adui namba moja kwa dakika tano za kazi, na Flair aliyeingia akiwa adui akatoka akiwa steringi. Watu watatu wamekua usiku mmoja. Anayemtaka Michaels wa 2009 hapo kwenye nafasi ya tano anionyeshe wa kwake ni wangapi.