Mipaka ya udahili au uamuzi wa wazazi: kipi kinatenga watoto zaidi?

Mpimaji: Wakuu, nina orodha ya wanafunzi wote wa mji mmoja: anwani, shule wanayosoma, na nani anapata chakula cha bure kwa sababu ya kipato cha nyumbani. Ramani ya maeneo ya udahili, yaani anwani ipi imepangiwa shule ipi, ninayo pia. Nitajuaje utengano upi umeletwa na mipaka, na upi na wazazi wanaokwepa shule ya mtaani kwao?

Kokotoa: Piga fahirisi ya utengano (D) mara mbili kwa watoto walewale: kwanza mpange kila mtoto kwenye shule ya anwani yake, kisha tumia shule anayosoma kweli. Kwa kila shule chukua sehemu yake ya watoto wote maskini (wanaopata chakula cha bure), toa sehemu yake ya wasio maskini, puuza alama ya hasi, jumlisha shule zote, gawa kwa 2. Sifuri maana yake wamechanganyika sawasawa. 1, hawakutani kabisa. Tuseme ya kwanza ni 0.30 na ya pili 0.38: hiyo 0.08 ni ya wazazi kukwepa shule ya mtaani. Wa shule binafsi wasiachwe nje, maana wengi wao ni wa wenye nacho na D ya pili itashuka kwa uongo.

Ramani_na_Rula: Naongezea. Shule ndogo hupandisha D hata kama watoto wamegawanywa kwa bahati nasibu. Changanya alama ya "maskini" ovyo kati ya watoto mara 1,000, piga D kila mara, utazame wastani unaotoka. Huo ndio sifuri yako halisi. Halafu hiyo 0.30 usiitwishe mipaka yote, makazi yenyewe yametengana. Wapangie watoto shule iliyo karibu zaidi bila kuzidi nafasi zilizopo, upige D tena. Ikitoka chini ya 0.30, mistari iliyopo inatenga kuliko umbali peke yake.

Kokotoa: Sawa, ila makazi nayo hufuata mistari. Mwanauchumi Sandra Black mwaka 1999 alilinganisha nyumba za pande mbili za mpaka huko Massachusetts: alama za mtihani zikiwa juu kwa 5%, wazazi walilipa takriban 2.5% zaidi kwa nyumba. Ukisogeza mstari leo, bei nazo zitasogea.

Ramani_na_Rula: Ndiyo maana napendelea eneo moja kwa shule mbili, kama Paris ilivyoanza kufanya mwaka 2017 kwa baadhi ya shule za sekondari za awali. Mwenye nyumba hanunui tena uhakika wa shule fulani. Lazima shule ziwe jirani, vinginevyo usafiri unaua mpango.

Mpimaji: Na anwani za uongo?

Kokotoa: Tumia anwani ya mwaka mmoja au miwili kabla ya maombi, kwenye rekodi ambayo haikuandikwa kwa ajili ya shule, mfano ya chanjo. Ukitumia ya fomu ya udahili, waliodanganya watahesabiwa kama wakazi halali na kukwepa kwao kutageuka kuwa "kosa la mipaka".