Postikadi za kitambaa zilizodariziwa: ndani tuweke kitambaa kigumu, kadibodi au pamba?

Sindano Saba (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, nimejiandikisha katika mzunguko wa kubadilishana postikadi za kitambaa ambamo kila mmoja anatengeneza sita na kupokea sita. Kabla sijaanza, naomba tulinganishe vitu vitatu vinavyoweza kutiwa kati ya kitambaa cha mbele na cha nyuma: kitambaa kigumu kinachogandishwa kwa pasi, kama kile cha ndani ya kola, kadibodi nyembamba, na tabaka la pamba. Kadibodi nimeijaribu mara moja. Nilipofika kona ya tatu, matundu ya sindano yalikuwa yamesongamana kiasi kwamba ukingo mzima ulichanika, kama stempu inayobanduliwa kutoka kwenye shiti yake. Nilaumu kadibodi au mkono wangu?

Bi Pindo

Laumu kadibodi, ingawa mkono nao umechangia. Mimi hutumia kitambaa kigumu, lakini si kile cha kola, ambacho ni chepesi mno na kadi itanyong'onyea. Chukua kile kizito kinachotiwa kwenye mikoba na ukingo wa kofia. Jambo kubwa ni mpangilio wa kazi. Darizi kwanza kitambaa cha mbele peke yake kikiwa kikubwa kuliko kadi, ukiacha kama sentimita 3 kila upande, ndipo ukigandishe kwenye kile kigumu, ili mafundo na mikia ya nyuzi ibaki imefichwa ndani. Unapopiga pasi, laza upande uliodariziwa juu ya taulo nene, kwa maana ukiubana juu ya meza ngumu vifundo vyote vitalala na mua wa kazi yako utakuwa umekwisha utamu. Kata sentimita 10 kwa 15 baada ya hapo, si kabla, kwa sababu kudarizi huvuta kitambaa na kukipunguza. Bandika cha nyuma, kisha zungusha mshono wa zigizaga ukingoni mara mbili: ya kwanza ya kuachanaachana, ya pili ya kubanana yenye upana wa milimita 4 hivi. Raundi moja pekee huacha vinyuzi vimechomoza kama ndevu.

Mkusanya Kadi

Kwa heshima zote, Bi Pindo, kadibodi isihukumiwe kwa kosa la kutobolewa. Kadi za hariri ambazo wanajeshi walizinunua Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia zilidariziwa kwenye ukanda mrefu wa hariri nyepesi, picha ileile ikirudiwarudiwa, kisha zikakatwa na kubandikwa kwenye kadi ya karatasi. Nyingi zimedumu zaidi ya miaka 100, na sindano haikuigusa karatasi hata kidogo. Anayependa kadibodi na abandike kwa gundi, asishone. Nakiri kwamba nyingi kati ya hizo zilisafiri ndani ya bahasha pamoja na barua, ndiyo maana migongo yake mara nyingi haina stempu.

Uzi Mwekundu

Pamba iache kwa mfarishi. Inapendeza kuishika, lakini kadi hujikunja na huwa nene bure.

Sindano Saba

Nimewaelewa, na nashukuru. Sasa Mkusanya Kadi amenitia wasiwasi mwingine: je, zangu zisafiri wazi au ndani ya bahasha?

Bi Pindo

Hapo ndipo ulipaswa kuanzia, mwanangu, maana safari ndiyo inayochagua kiini. Kadi inayokwenda wazi inahitaji kitambaa kigumu, ukingo uliobanwa, na isiwe na shanga wala kifungo, kwa kuwa mashine za kuchambulia barua hazibembelezi kitu. Gundi ya stempu haishiki vizuri kwenye kitambaa. Ongeza gundi ya karatasi, na ujaribu kalamu yako kwenye kipande kingine ili wino usisambae. Mimi huipeleka kadi dirishani na kuomba igongwe muhuri kwa mkono, na hulipia kama barua, kwa kuwa unene wake mara nyingi unazidi ule wa postikadi. Ya bahasha inaruhusu shanga, kadibodi, hata hiyo pamba.

Uzi Mwekundu

Kubalianeni hayo na wenzako kabla ya kuanza. Mimi niliwahi kudarizi ua kwa jioni nne, kwa nyuzi mbili tu kati ya zile sita zinazounda uzi wa kudarizi, nikaletewa kipande cha kitambaa chenye maua ya kuchapwa ambacho sindano haikukipitia isipokuwa pembeni. Sheria ya mzunguko ilisema "kadi ya kitambaa", haikutaja kudarizi, hivyo sikuwa na la kudai.

Sindano Saba

Nimesoma upya sheria za mzunguko wetu: zinataka kudarizi kwa mkono, ila kuhusu bahasha hazisemi lolote. Nimemwandikia mratibu. Wakati nasubiri jibu, nimekata vipande sita vya kitambaa kizito, na ile kadi iliyochanika nimeibandua kitambaa chake ili nikigandishe upya.