Namkatia mama tiketi ya ndege Kigoma, anaulizwa bibi yake alizaliwa wapi!

Wakuu, tangu wiki iliyopita nina hasira, nikinyamaza itanikaa rohoni.

Nilienda na mama kwa wakala mmoja hapa Kigoma mjini kumkatia tiketi ya Dar, anakwenda kwenye matibabu. Mgongo wake hauwezi tena treni. Tukatoa jina, simu, namba ya NIDA. Hapo sina neno. Jamaa aliposikia mama ananisemesha Kiha, akaweka kalamu chini.

"Mama, wewe mtu wa wapi hasa?"

Kasulu.

"Na bibi yako alizaliwa wapi? Nyie si mlitoka Burundi?"

Mama ana miaka 71. Alijibu huku kakumbatia mkoba wake kama mtu aliyeshikwa na mali ya wizi. Sisi Waha tumezoea maswali haya, lakini muuza tiketi anayauliza kama nani?

Kisha akatoa simu yake mwenyewe, ya mfukoni, akapiga picha kitambulisho mbele na nyuma. Nikauliza picha inakwenda wapi. "Ni utaratibu wa usalama, kama mnataka kusafiri." Umeandikwa wapi? Kimya.

Siku ya tatu mama akaanza kupigiwa simu na watu wanaomtaja majina yote matatu na mwaka wa kuzaliwa, wanataka namba ya siri ya pesa zake. Siapi kuwa ni yule jamaa. Ila kabla ya pale simu hizo hazikuwepo.

Msije na ile ya "mtu msafi haogopi kukaguliwa". Kukaguliwa sigombi! Mkanda nitavua, begi lipite kwenye mashine, mawese yakizuiwa nitayaacha. Begi nikishakaguliwa naondoka nalo. Picha ya kitambulisho imebaki kwa mtu nisiyemjua. Marekani kwenyewe, mwaka 2002, shirika la ndege la JetBlue walitoa rekodi milioni 5 za abiria wao kwa kampuni nyingine, abiria wenyewe wakaja kujua mwaka uliofuata. Sembuse simu ya mfukoni Kigoma?

Na sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, inataka uelezwe taarifa zako zinachukuliwa kwa ajili gani kabla hujazitoa. Kabla!

Aliyewahi kupeleka lalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi aniambie alianzia wapi. Risiti ninayo, na namba zote zilizompigia mama nimeziandika.