Kamba wa kukaanga kwa viungo vya Kihindi: tupeane uzoefu

MamaWaKibuye: Jana nikipita Oginga Odinga Street hapa Kisumu, harufu ya jira inayokaangwa ikanipata dukani, nikakumbuka kamba wa shemeji. Kilo mbili kutoka Mombasa kwa basi la usiku, barafu ilishakuwa maji. Nikawamwaga karaini kwa mpigo. Wakatoa maji, manjano yakaelea juu, nami nikangoja yakauke. Yalipokauka kamba wamejikunja kama pete, ukitafuna taya zinauma. Shemeji alikula wote, kimya. Kile kimya kiliniumiza. Wenzangu mnafanyaje?

KijanaKondele: Hata mimi. Maji yale yale.

BintiBondeni: Dada, toa ule mshipa mweusi, wakaushe kwa kitambaa, kaanga konzi moja moja. Kitunguu, saumu na tangawizi viive kwanza mpaka mafuta yajitenge. Kamba ni dakika tatu. Akigeuka waridi na kujikunja nusu, epua.

JikoLaMakaa: Gesi za sisi wapangaji hazitoshi. Washa makaa.

MpwaniKisumu: Mmesahau nazi.

JikoLaMakaa: Nazi ni ya mchuzi! Hapa ni kukaanga kavu. Wahindi hawatii nazi.

MpwaniKisumu: Wahindi wa wapi? Kerala kamba hukaangwa na vipande vya nazi na majani ya mchuzi (curry leaves). Usiwatie Wahindi wote sufuria moja.

MvuviDunga: Na ziwa tunalo hapa. Chukueni minofu ya mbuta.

BintiBondeni: Mbuta ukimkoroga anavunjika. Mkaange peke yake, viungo vije juu.

NyotaNakuru: Naomba niseme langu. Mwaka jana nilipika kamba wakaiva vizuri kabisa. Tonge la tatu, mume wangu akasema ulimi unamwasha. Nikadhani ni pilipili, nikampa maziwa. Kugeuka, midomo imevimba, sauti inakwaruza, ameshika koo. Jirani akatubeba na tuktuk. Hospitali ya kwanza wakatudai pesa getini. Ya pili wakamdunga adrenalini pajani, nikaona pumzi inarudi. Nilikuwa bado nimeshika mwiko. Na huyu mtu amekula kamba tangu ujana wake! Daktari akasema mzio unaweza kuanza hata ukubwani.

KijanaKondele: Mungu wangu. Pole sana.

MvuviDunga: Omena je, anakula?

NyotaNakuru: Anakula, samaki hawamdhuru. Kamba na kaa ndio hawaingii kwangu tena.

JikoLaMakaa: Mngempa maziwa mengi zaidi.

BintiBondeni: Hapana, ndugu yangu. Maziwa hayafungui koo. Mtu akianza kuvimba hivyo ni hospitali mbio, msingoje hata dakika.

MamaWaKibuye: Dada Nyota, umenitetemesha. Shemeji anapanda basi Ijumaa, na safari hii wageni ni saba. Nitamuuliza kila mmoja kabla sijawasha moto. Makaa nimenunua, kitambaa kipo. Haradali naitia kabla ya kitunguu au baada?

MpwaniKisumu: Kabla. Ikianza kuruka, tia kitunguu.