Naomba ushauri: sili ya nyuma ya transfa kesi inavuja tena

Habari zenu wakuu. Nina Toyota Land Cruiser Prado ambayo huwa naiegesha Buruburu, na kila asubuhi nakuta tone la oili ya gia, zito na lenye harufu kali, likiwa chini ya mahali propela shafti ya nyuma inapoungana na transfa kesi (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma). Sili ya hapo, yaani pete ya mpira inayozuia oili isitoke, imebadilishwa mara 2. Ya kwanza ilikuwa ya bei nafuu kutoka Kirinyaga Road, kwa hiyo sikushangaa. Ya pili ilikuwa halisi, lakini baada ya wiki 3 ikaanza kuvuja.

Safari hii nilisimama kando ya fundi alipofungua nati kubwa na kuitoa flanji, kile kipande cha chuma kinachoshika propela shafti na ambacho shingo yake hupita ndani ya sili. Nilipopitisha ukucha pale mdomo wa sili unapokaa, nilihisi mfereji mwembamba umezunguka shingo yote ya flanji. Fundi anashauri sili mpya iingizwe kwa kina tofauti kidogo ili mdomo wake ukae mahali laini, nami naona huko ni kuahirisha tatizo.

Aliyewahi kupitia haya anijulishe: ninunue flanji nyingine, au bushi nyembamba ya kufunika mfereji inatosha? Pia, nitatambuaje kama beringi imelegea au tundu la kupumulia limeziba kwa matope, hata presha ikawa inasukuma oili nje? Nisingependa kulipia kazi hii mara ya 4.