Naomba ushauri: mkataba unanizuia kuhamia kwa mteja wa mwajiri wangu

Ndugu wanasheria na wenye uzoefu wa mambo ya ajira, naomba mnisaidie. Nimefanya kazi miaka 4 katika kampuni ya ushauri wa kihasibu, na mteja niliyemhudumia muda mrefu sasa amenipa nafasi ya ajira ya kudumu. Mkataba wangu, katika aya niliyoisaini bila kuitafakari, unanikataza kwa miezi 12 kufanya kazi kwa "mshindani au mteja yeyote wa kampuni".

Ninavyoelewa, katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, tangu kesi ya Nordenfelt ya mwaka 1894, zuio la namna hii hukubalika iwapo tu ni la kadiri na linalinda maslahi halali, kama vile siri za biashara, wala si kumnyima mtu haki ya kutumia ujuzi wake mwenyewe. Linalonitatiza ni kwamba mteja huyu si mshindani: hauzi huduma tunayouza sisi, ila nikihamia kwake huenda akaacha kuinunua, na hapo ndipo mwajiri atakapodai hasara.

Je, mahakama hulipima zuio la mteja sawasawa na la mshindani? Na kama mkataba baina ya kampuni na mteja nao unamkataza kuajiri wafanyakazi wetu, anayewajibika ni nani? Sijawasilisha barua ya kujiuzulu, wala sijanakili faili lolote. Ningependa hasa kujua kama ni busara kuomba kwanza ridhaa ya maandishi, au kwa kufanya hivyo nitakuwa nimekiri kwamba kifungu hicho kinanifunga.